Namna ya kupima hoja ya dhamiri kuhusu Mungu

Kabla ya kubishana kama hisia ya mema na mabaya tunayozaliwa nayo imetoka kwa Mungu, ligawe swali. Andika kwenye karatasi: hisia hii ilitokea vipi? Inayotuambia ni kweli? Na kama ni kweli, ukweli huo umesimama juu ya nini? Mijadala mingi huharibika hapa: mmoja anajibu la kwanza, mwenzake anadhani amejibiwa la tatu.

Kwa swali la kwanza, kusanya ushahidi wa pande zote. Waislamu huanzia kwenye fitra, yaani maumbile ya asili ambayo Mungu amewaumbia watu (Kurani 30:30). Wakristo kwenye Warumi 2:14–15, pale Paulo anaposema kwamba hata wasio na torati wanayo kazi yake mioyoni. Kwa upande wa wanabiolojia, Darwin, mwaka 1871, alidai kwamba mnyama yeyote mwenye silika za kuishi pamoja angepata dhamiri iwapo akili yake ingekua kama ya binadamu. Hamilton (1964) alieleza jinsi tabia ya kujitolea kwa ndugu wa damu inavyoweza kuenea kwa urithi, na Trivers (1971) akaeleza kusaidiana kwa zamu kati ya wasio ndugu.

Kuwa mwangalifu na majaribio ya watoto wachanga. Lile la 2007, ambamo watoto wa miezi 6 na 10 walionyeshwa igizo la mhusika anayepanda kilima, kisha wakamchagua aliyemsaidia badala ya aliyemzuia, hunukuliwa kila mahali. Maabara nyingi ziliporudia jaribio hilo kwa pamoja, matokeo yaliyotolewa 2024 hayakuonyesha upendeleo huo. Ukilitumia, taja yote mawili.

Sasa ipange hoja yenyewe kwa mistari mitatu. Kama hakuna Mungu, hakuna wajibu wa kimaadili unaomfunga kila mtu. Wajibu wa namna hiyo upo. Basi Mungu yupo. Mpangilio wake hauna kasoro, kwa hiyo mwenye kuipinga lazima aguse mstari wa kwanza au wa pili. Angalia pia kwamba haisemi wasioamini hawana maadili. Anayeitetea kwa kuwatukana hao ameshaiacha.

Mstari wa kwanza ndio unaobeba mzigo. Upime kwa swali linalotokana na Euthyphro, maandishi ya mwanafalsafa Mgiriki Plato: je, jema ni jema kwa kuwa Mungu ameliamuru, au ameliamuru kwa kuwa ni jema? Ukichukua la kwanza, ukatili ungekuwa mwema kwa amri tu. Ukichukua la pili, wema una kipimo nje ya Mungu. Wanaoitetea hoja hujibu kwamba wema ni tabia ya Mungu mwenyewe. Jibu hili lina uzito, ila mtake mwenzako aeleze kwa nini tabia hiyo iitwe njema.

Katika mstari wa pili, kosa la kawaida ni kusema, "Dhamiri imetokana na mageuzi, kwa hiyo ni uongo." Uwezo wa kuhesabu nao una historia ya kibiolojia, lakini mbili na mbili hubaki nne. Pingamizi lenye nguvu zaidi ni la mwanafalsafa Sharon Street (2006): uteuzi asilia, yaani njia ambayo mageuzi hufanya kazi, huzawadia kinachosaidia kuzaliana, na ingekuwa bahati ya ajabu kama hicho kingelingana na ukweli wa kimaadili usiotegemea mitazamo yetu. Muumini anaweza kuligeuza: kama Mungu aliongoza mchakato huo, ulinganifu si bahati tena. Lakini akisema hivyo ameshamweka Mungu ndani ya hoja kabla ya kumthibitisha, na hapo ndipo umzuie.

Ikivuka vizuizi vyote, hoja inakupa chanzo cha wajibu. Haisemi ni dini ipi; hilo lina ushahidi wake, na hupimwa kivyake.