Kuunda modeli ya vifaa vya Wi-Fi vinavyosikiliza chaneli moja

Anza na Python na foleni ya matukio, yaani orodha ya matukio yanayochukuliwa kwa mpangilio wa wakati (moduli ya heapq inatosha). ns-3, kiigaji cha mitandao kilicho tayari, ni nzuri, lakini inakuficha hasa kile unachotaka kukielewa hapa.

1. Nguvu ya mawimbi. Chaneli ya MHz 20 kwenye GHz 5.18, kila kifaa kinarusha kwa dBm 20 (dBm ni desibeli zinazopimwa dhidi ya miliwati 1). Hasara ya mita ya kwanza ni dB 46.7, kisha ongeza 30·log10(d), d ikiwa umbali kwa mita. Ishara zikipishana, zijumlishe kwa miliwati: mbili za dBm −85 zinatoa −82.

2. Vizingiti ni viwili. Fremu (kifurushi cha data) ya Wi-Fi ambayo mwanzo wake umesikika huifanya chaneli ihesabike imeshikwa kuanzia dBm −82. Nishati nyingine yoyote, kuanzia −62. Kwa hesabu ya juu, hiyo ni takriban mita 70 dhidi ya 15. Kifaa ambacho chenyewe kilikuwa kinarusha wakati fremu ya mwenzake inaanza kimekosa mwanzo wa fremu hiyo, kwa hiyo kwa fremu hiyo kitumie −62.

3. Saa. Sloti (kipande kimoja cha muda wa kusubiri) ni maikrosekunde 9, DIFS (ukimya unaotakiwa kabla ya kuhesabu) ni 34, na kihesabio huanza kwa namba ya nasibu kati ya 0 na 15, kikishuka moja kila sloti hadi sifuri, ambapo kifaa kinarusha. Chaneli ikishikwa, kihesabio kinaganda. Sloti isiyokamilika haihesabiwi, na baada ya ukimya wa DIFS kinaendelea pale kilipoachia.

Hapa ndipo modeli nyingi huharibika bila kutoa kosa lolote. Vihesabio vya vifaa viwili, A na B, vikifika sifuri kwenye sloti ileile, lazima fremu zigongane. Lakini foleni hushughulikia tukio moja kwanza: A anaanza kurusha, B anaulizwa kama chaneli iko wazi, anajibu imeshikwa, anaahirisha. Mgongano umepotea, na matokeo yanapendeza kuliko uhalisia. Kuongeza muda wa mawimbi kusafiri pekee hakuponyi: mita 10 ni nanosekunde 33 tu, na kihesabio cha B nacho kinaweza kuchelewa kiasi hichohicho. Tibu hivi: urushaji ulioanza wakati t usitambuliwe na yeyote kabla ya t + maikrosekunde 4. Tunza muda kwa namba nzima za nanosekunde. Namba za desimali huleta tofauti ndogondogo, na matukio yaliyopaswa kulingana hayalingani tena.

4. Ukaguzi. Weka vifaa viwili vinavyosikiana, kila kimoja kikiwa na fremu muda wote, na dirisha (upeo wa namba ya nasibu ya kihesabio, unaoanzia 15) likiongezeka maradufu kila mgongano hadi 1023. Uwezekano wa jaribio kugongana uwe karibu asilimia 10. Ukipata sifuri, rudi hatua ya 3.

Kisha panga A, B na C kwenye mstari, mita 50 kila pengo, A na C wakimtumia B. Kati ya A na C ishara ni dBm −86.7, hawasikiani, kwa B zote zinafika na −77.7, kwa hiyo fremu zikipishana zinaharibika zote. Kama A na C bado wanapokezana kwa adabu, umetumia kigeu kimoja cha "chaneli imeshikwa" kwa mtandao mzima. Kila kifaa kiwe na chake.