Kitufe cha pili kwenye laptopu za ofisi, na jinsi ya kujitengenezea mfumo unaowaka chapuchapu

Laptopu nyingi za ofisi za kati ya 2008 na 2011 zina kitufe kidogo cha ziada karibu na kile cha kuwashia. Kampala bado zinauzwa, na zikija mezani kwangu mteja hukibonyeza, akakuta hakuna kinachotokea, akaniangalia kana kwamba mimi ndiye niliyekiua.

Kilikuwa na kazi yake. Dell walitangaza Latitude ON mwaka 2008 kwa Latitude E4200 na E4300: ndani ya mashine kuna prosesa ndogo ya ARM (aina isiyokula umeme mwingi, kama ya simu) na hifadhi yake, inaendesha Linux (mfumo wa kuendesha kompyuta, kama Windows ilivyo) peke yake huku prosesa kubwa ya Intel imelala. Barua pepe, kalenda na intaneti unavipata bila kugusa Windows, na betri inakwenda mbali sana. HP walichukua njia nyingine. QuickLook ilikuwa inanakili barua na miadi kutoka Outlook, programu ya barua pepe na kalenda, wakati Windows inafanya kazi, kisha inakuonyesha nakala hiyo mashine ikiwa imezimwa. QuickWeb, utakayoiona kwenye EliteBook 8440p, ni Linux ndogo yenye kivinjari, ukoo mmoja na Splashtop iliyotokea mwaka 2007 kwenye mabao mama ya ASUS kwa jina la Express Gate.

Ushauri wangu kwa anayetaka kukifufua: acha. Mafaili ya QuickWeb yalikaa kwenye diski, na diski ilifutwa kabla mashine haijauzwa, kama haikung'olewa kabisa. Hata ukiyapata, kivinjari chake ni cha zamani mno. Hakielewi usimbaji wa tovuti za leo, kwa hiyo utaona kurasa za makosa tu. Usimalizie bando lako hapo.

Wazo lenyewe lakini halijafa, na kwetu lina maana kuliko huko lilikotoka. Mafundi wengi watakwambia uweke SSD (diski ya kasi isiyozunguka) kisha mashine uwe unailaza tu badala ya kuizima. Kuhusu SSD ninakubali, na kama pesa ipo anza nayo. Kulaza ndiko kunakonishinda: laptopu iliyotumika mara nyingi betri yake ni pambo. Umeme ukikatika mashine inaanguka papo hapo, na ukirudi Windows inaanza kukagua diski, inamalizia masasisho, na mteja kasimama mlangoni anasubiri ankara yake.

Hajji mmoja mwenye duka la vipuri vya pikipiki katika soko la Kisekka, Kampala, aliniuliza, "Mwanangu, hii mashine inaamka polepole kunishinda mimi mzee. Nifanyeje?" Nikamwambia, "Hajji, kwani asubuhi unaitumia kwa nini hasa?" Akataja ankara za EFRIS (mfumo wa ankara za kielektroniki) kwenye tovuti ya URA, mamlaka ya kodi ya Uganda, barua pepe, na bei za mzigo zilizo kwenye faili la hesabu. Basi. Kazi hizo hazihitaji Windows. Nilimwekea Puppy Linux, Linux ndogo nyepesi, kwenye flashi, na Windows yake ikabaki kama ilivyo.

Puppy naipenda kwa sababu moja: ikiwaka inajipakia yote kwenye RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta), kisha diski inaachwa kando. Umeme ukikatika unapoteza kile ambacho hujahifadhi, lakini Windows iliyo kwenye diski haijaguswa. Mashine yenye RAM ya giga 2 inaweza. Giga 4 ni raha. Toleo la FossaPup64 lina ukubwa wa takriban megabaiti 400, na BookwormPup64 ni jipya zaidi, limejengwa juu ya Debian 12, Linux nyingine kubwa. Chukua hilo jipya kama RAM inaruhusu, maana kivinjari kipya ndicho tunachokitafuta hapa.

Kabla ya lolote, ingia Windows. Fungua Command Prompt kama msimamizi, andika manage-bde -status uone kama diski imefungwa na BitLocker, kufuli la Windows la kulinda mafaili. Kama imefungwa, andika ufunguo wa kuirejesha kwenye karatasi, uiweke mbali na mashine. Ukibadilisha mipangilio ya BIOS (programu ya ndani inayoiwasha mashine kabla ya Windows), Windows inaweza kuudai, na bila huo mafaili yako hayafunguki. Kisha andika powercfg /h off. Amri hiyo inazima ule ujanja wa Windows wa kujifanya imezimika kumbe imelala. Ikiwa imelala hivyo, Linux itakataa kuandika kwenye diski yake, na ukiilazimisha unaweza kuharibu mafaili.

Sasa flashi. Tumia Rufus, programu ya Windows ya kuandaa flashi za kuwashia, chagua faili la ISO la Puppy (nakala nzima ya mfumo) ulilopakua, bonyeza kuanza. Kila kilichokuwa kwenye flashi kitafutwa, kwa hiyo usichukue ile yenye picha za harusi.

BIOS ndiko watu wanakofanya haraka wakati ndiko dakika zinakojificha. Kwa Dell ingia kwa F2, HP kwa F10, ThinkPad kwa F1. Weka USB juu kabisa katika mpangilio wa kuwaka. Tafuta uwashaji kupitia mtandao, PXE, uuzime: mashine za ofisi nyingi zimeachwa zikitafuta seva ya kampuni iliyo Ulaya, zinasubiri weee, mwisho zinakata tamaa. Kwenye Dell nyingi, chini ya Integrated NIC, chagua Enabled badala ya Enabled w/PXE. Ukiona Fastboot, iweke Minimal, ila kama flashi haionekani baada ya hapo, irudishe Thorough. Mashine za kuanzia 2012 huenda zina Secure Boot, kinga inayozuia mifumo isiyotambulika kuwaka, nayo mara nyingi itabidi izimwe.

Halafu saa. Kuna betri ndogo ya duara inayotunza tarehe, na kwenye laptopu ya umri huu mara nyingi imekwisha. Dell itasimama kila unapoiwasha, ikuandikie kwamba saa haijawekwa, ikusubiri ubonyeze F1. Na ukipita hapo na tarehe ya miaka ya nyuma, tovuti zote salama zitakukatalia, ya URA ikiwemo, wewe ukidhani intaneti ni mbovu. Badilisha betri hiyo. Ni kazi ya bisibisi, na bei yake haizidi chakula cha mchana.

Washa ukiwa na flashi. Puppy itauliza lugha, kibodi na saa za eneo, chagua Africa/Kampala. Wi-Fi ikionekana, vizuri. Isipoonekana, na kadi za Broadcom kwenye baadhi ya Dell husumbua hivyo, chukua simu yenye bando, iunge kwa waya wa USB, kisha kwenye mipangilio ya simu washa kugawa intaneti kwa USB. Kompyuta itaiona simu kama waya wa mtandao wa kawaida. Kusema kweli mimi naipendelea njia hii hata pale Wi-Fi inapofanya kazi, kwa sababu simu inachajiwa palepale.

Fungua kivinjari, weka alama kurasa tatu nne unazozihitaji, kisha zima mashine mara moja. Hatua hii usiiruke. Puppy inauliza mahali pa kuhifadhi mipangilio pale unapoizima kwa mara ya kwanza tu. Umeme ukikatika kabla ya hapo, kazi yote uliyofanya imeyeyuka. Chagua faili la kuhifadhia, liweke kwenye flashi hiyohiyo. Siku mambo yakivurugika, kwenye mstari wa kuwasha ongeza pfix=ram, nayo itaanza upya kabisa bila kusoma faili lile.

Kupunguza kusubiri, fungua faili la menyu ya kuwasha lililo kwenye flashi, kama lipo kwa jina la grub.cfg, tafuta neno timeout, weka 1.

Usihifadhi nywila kwenye kivinjari hicho. Flashi inaanguka kwenye boda na atakayeiokota ataingia kwenye akaunti yako ya kodi akiwa ameketi. Hesabu za duka ziache kwenye diski au uzitume kwa barua pepe. Puppy inaonyesha diski kwa alama ndogo chini ya skrini, bofya mara moja ifunguke. Ukisharidhika, tengeneza flashi ya pili ya aina ileile na ulinakili kwake lile faili la kuhifadhia, kisha mwachie anayekaa dukani usipokuwepo.