Mama atakaa angani muda gani? Hesabu ya Nairobi hadi New York

Mama aliponiuliza atakaa angani muda gani, niliitazama tiketi yake ya Januari: kuondoka Nairobi 23:25, kufika New York 06:25. Nikamjibu saa saba, naye akapanga vidonge vyake vya presha kwa hesabu hiyo. Usiku usingizi ukanikataa. Niliichukua tena tiketi, nikaona nimekosea kwa saa nane nzima. Tangu hapo, kila anayesafirisha mzazi namwonyesha njia hii.

Anza na umbali. Usipime kwa rula kwenye ramani ya ukutani, maana dunia ni mviringo na ramani bapa huivuta. Tafuta tufe, kama lile la darasani, ukaze uzi toka Nairobi hadi New York. Uzi utapanda kaskazini magharibi, ukatize Sahara, na nusu yake iangukie karibu na Marrakech kabla ya kuingia Atlantiki. Mimi niliurudia mara tatu, sikuamini! Kisha ulaze uzi uleule juu ya ikweta uhesabu digrii: utapata kama 106. Kila digrii ni kilomita 111, kwa hiyo safari ni karibu kilomita 11,800.

Ndege kubwa ya abiria hukata kilomita 850 hadi 900 kwa saa. Gawanya kwa 850, unapata kama saa 14. Ila kwenda unaelekea magharibi, na upepo wa juu kule kaskazini huvuma ukitokea magharibi. Ukijumlisha na kupaa na kutua, weka 15. Kurudi, upepo husukuma, inapungua kama saa moja.

Sasa linganisha na tiketi, ambayo huandika saa za kila mji. Saa 5:25 usiku ongeza 15, Nairobi itakuwa saa 8:25 mchana wa kesho yake. Januari New York iko nyuma kwa saa 8, kwa hiyo kule ni saa 12:25 asubuhi, ndiyo ile 06:25. Angalia mwezi pia: toka Jumapili ya pili ya Machi hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba, Wamarekani husogeza saa mbele, tofauti inakuwa 7.

Tiketi ikiandika Ijumaa 00:30, ni usiku wa kuamkia Ijumaa. Alhamisi jioni uwe uwanjani.

Usisahau barabara. Sisi tulitoka Arusha kwa basi dogo, mwendo wa saa sita pamoja na foleni ya mpakani Namanga, tukafika uwanjani zikiwa zimebaki saa tatu ndege iondoke. Kule New York ongeza saa moja au mbili za uhamiaji na mizigo.

Daktari alitaka ameze dawa kila baada ya saa 24, basi nikamwomba asiguse saa yake ya mkononi, ibaki na saa za Nairobi. Kaka aliyempokea kule aliirekebisha yeye mwenyewe, mezani kwake, baada ya mama kumeza kidonge cha siku ile.