Ripoti ya mwisho wa mwezi inakawia? Angalia kwanza data imekaa wapi

Kama kazini kwenu mna ile mashine ya ghala la data (pa kuhifadhi data nyingi za ripoti) inayokuja seva, diski na programu vyote kwenye kabati moja na ripoti zinatambaa, usikimbilie kumwambia bosi anunue kabati lingine. Mimi niko Kampala, nashinda na Netezza, moja ya mashine hizo, hii IBM waliinunua 2010, na mara nyingi nakuta shida ni data kugawanywa vibaya.

Kila jedwali linakatwa vipande, kila kipande kinapata diski yake na prosesa ya kukisoma, ukiuliza swali vyote vinafanya kazi kwa pamoja. Kwa hiyo jibu linatoka pale cha mwisho kinapomaliza. Kimoja kikibebeshwa mzigo wa wenzake, wote wanakaa kukisubiri.

Hatua ya 1: hesabu rekodi za kila kipande.

select datasliceid, count(*) from miamala group by datasliceid order by 2 desc;

Namba zikikaribiana, ugawaji uko sawa, tafuta kwingine. Sisi jedwali la miamala ya simu liligawanywa kwa wilaya, yaani rekodi zote za wilaya moja zinakaa kipande kimoja. Wilaya zetu ni zaidi ya 130 na vipande ni 92, unaona zinatosha kabisa, kumbe kipande kilichopata Kampala kilikuwa kimefura na vingine vitupu kabisa, maana wilaya mbili tatu ziliangukia pamoja!

Hatua ya 2: chagua safu (column) ya kugawia. Hapa tulia, usiharakishe. Iwe na thamani nyingi tofauti, basi wilaya na jinsia zitoe. Tarehe nayo inadanganya sana, ukihesabu jumla unaona imegawanyika vizuri ila siku ukiuliza miamala ya jana tu, yote iko kipande kimoja na vingine 91 vinalala. Sisi tulichukua namba ya akaunti, kwa sababu jedwali la wateja nalo limegawanywa kwa hiyo hiyo, mteja na miamala yake wanakaa pamoja na hakuna data ya kusafirisha kwenye netiweki. Hakikisha tu aina ya safu ni moja pande zote, huku namba kule maandishi haifai.

Hatua ya 3: unda upya.

create table miamala_mpya as select * from miamala order by tarehe distribute on (akaunti_id);

Hiyo order by usiiache. Mashine inaweka kumbukumbu ya thamani ndogo na kubwa kwa kila sehemu ya diski, tarehe zikiwa zimepangwa inaruka sehemu zisizohusika bila kuzisoma.

Hatua ya 4: tengeneza takwimu za jedwali jipya.

generate statistics on miamala_mpya;

Halafu rudia hatua ya 1, linganisha jumla ya rekodi na jumla ya shilingi, ndio ubadilishe majina ya majedwali, jipya lichukue jina la zamani. Ripoti yetu ya karibu saa nzima sasa inatoka chai haijapoa. Jedwali la zamani usilifute mpaka wahasibu wamefunga mwezi na hesabu zimekubali.