Jinsi ya kupanga nyimbo zikusaidie kumwachilia aliyekuacha

Mtu akishaachwa, mara nyingi hurudia wimbo mmoja wa majonzi usiku kucha, au hujilazimisha kusikiliza nyimbo za kucheza wakati moyo bado unavuja. Tiba ya muziki ina njia nyingine, iliyoelezwa na daktari Ira Altshuler mwaka 1948: anza na muziki unaolingana na hali yako, kisha uubadilishe kidogo kidogo.

Chagua nyimbo kumi, jumla ya dakika 35 hadi 40. Tatu za kwanza ziwe za huzuni, za polepole, mapigo 60 hadi 75 kwa dakika. (Gonga kidole kufuata mdundo kwa sekunde 15, hesabu, zidisha kwa nne.) Ukitaka kulia, lia hapa.

Nne za kati ndizo ngumu kuzipata. Mwendo uwe kati ya 80 na 95, lakini chunga zaidi maneno. Wimbo unaomwambia mtu "rudi" au "nisamehe" unakufanya uendelee kuongea naye kichwani, hata kama ngoma yake imechangamka. Afadhali unaosimulia mapenzi yaliyokwisha, au ala tupu. Tatu za mwisho zifike 100 hadi 120 na zisiguse mapenzi kabisa.

Nyimbo mlizozipenda pamoja zisiingie humu. Wimbo wa namna hiyo huja na sura ya aliyekuacha, chumba, hata harufu, na mpangilio wote unaharibika. Hakuna haja ya kuzifuta. Zihamishie kwenye orodha nyingine usiyoifungua ovyo.

Kwenye programu unayosikilizia, zima kuchanganya nyimbo (shuffle) na kurudia (repeat). Zima pia ile huduma ya programu kuendelea yenyewe orodha ikiisha, maana ukisikiliza huzuni itakuletea huzuni nyingine.

Sikiliza jioni mapema, umekaa au unatembea, si kitandani. Nyimbo za mwisho ziimbe kwa sauti, hata kama huna sauti: kuimba hukulazimisha kutoa pumzi ndefu, na mwili hutulia.

Ukifika wimbo wa tano na bado unamtungia ujumbe kichwani, punguza za huzuni zibaki moja. Na ikiwa wiki mbili zimepita hulali wala huli vizuri, orodha peke yake haitoshi. Muone mshauri nasaha au daktari.