Taa ya LED ya akwariamu ukiwa Kigoma: jenga mwenyewe, iende kwa volti 12

Ukitafuta taa ya akwariamu mtandaoni wanakuletea zile za matumbawe, bluu tupu na bei ya kutisha. Achana nazo. Matumbawe yanaishi na vijimea vidogo ndani ya mwili wake na hivyo ndo vinataka bluu kali ya nanomita 450 hivi, ndo maana tangi za bahari zinawaka kama disko. Sisi tunafuga samaki wa ziwani, mwanga unaotutosha ni wa kuwaona vizuri na mwani kidogo uote kwenye mawe, basi.

Cha kuamua kwanza ni umeme, LED baadaye. Mi nasema volti 12 mwanzo mpaka mwisho, kwanza umeme wa ukutani wa volti 230 juu ya maji sio kitu cha kuchezea, pili umeme ukikatika unahamisha waya mbili kwenye betri unaendelea, halafu vitu vya volti 12 mji huu vipo kwa sababu ya dagaa, wavuvi wengi pale Kibirizi walishaachana na karabai wanavulia taa za LED za betri kwa hiyo mafundi wa kuziunga wapo na waya zipo. Mfuate fundi wakati wa mbalamwezi, mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawavuliki vizuri, boti zinapumzika na yeye anapata muda wa kukusikiliza.

Tuchukulie tangi la sentimita 100 kwa 40 kwa 45, yaani lita 180. Tafuta LED 12 za wati 3, zile zilizobandikwa kwenye kibati cha umbo la nyota, 9 nyeupe za kelvini 6500 (kipimo cha rangi ya mwanga, hiyo ni nyeupe kama ya mchana) na 3 za bluu. Hizi nyingi utaagiza Dar. Chukua na draiva 4, vile vifaa vya kudhibiti umeme unaoingia kwenye LED, za kuingiza volti 12 na kutoa miliampea 600, kila moja ibebe LED 3 kwa siriizi, yaani zimefuatana kwenye waya mmoja. LED moja inakula kama volti 3.2, tatu ni 9.6, kwa hiyo kwenye 12 draiva inabaki na nafasi ya kufanya kazi. Kuna mtu atakwambia draiva ya nini, unga tu kwenye betri. Usimsikilize, LED ikipata moto inavuta ampea zaidi, ikivuta zaidi inazidi moto, inaungua.

Na moto ndo adui mwenyewe hapa. Umeme mwingi unaoingia unageuka joto nyuma ya kibati, usipopata pa kwenda LED inafifia mapema. Nenda kwa mafundi wa madirisha ya alumini, pale eneo la Mwanga au popote, omba mabaki mawili ya sentimita 90 yenye umbo la U, yale mazito mazito. Yapige msasa sehemu za kubandika, paka grisi ya joto ile ya prosesa za kompyuta, kidogo tu, ukipaka nene inazuia joto badala ya kulipitisha. Funga kila nyota kwa skrubu mbili ndogo na chini ya kichwa cha skrubu weka kipande cha plastiki isije ikagusa lisasi ya kuchomea waya ikapiga shoti. Ukishamaliza chomea waya, chanya ya hii kwenye hasi ya ile, kisha chukua maltimita (kipima umeme) iweke kwenye mlio, gusa lisasi na alumini, ikilia ujue kuna shoti, tafuta kabla hujawasha. Na usichomoe wala kuchomeka LED wakati draiva ina umeme.

Bluu zipe swichi yake peke yake.

Zote zikiwaka zinakula kama ampea 2.3, adapta ya kugeuza umeme wa ukutani kuwa volti 12, ya ampea 5, inatosha bila kuhangaika. Betri ya ampea-saa 20 ukiitumia nusu tu inakupa saa 4 hivi. Washa nusu saa halafu shika alumini, kama huwezi kuacha kidole hapo sekunde tano ongeza feni ya kompyuta, nayo ni ya volti 12.

Ining'inize sentimita 25 juu ya maji, chini yake weka kioo chembamba maana mvuke na matone yanakula lisasi. Adapta ikae pembeni, isikae juu ya tangi kabisa, na waya wake uache ulegee chini ya usawa wa soketi ili maji yakitiririka yadondoke sakafuni yasiingie ukutani.

Wiki ya kwanza washa saa 6 kwa siku, baadaye 8 au 9. Jioni zima nyeupe kwanza, bluu iache nusu saa, giza la ghafla linawashtua samaki wanajigonga kwenye mawe. Kama una samaki aina ya Tropheus mwani usiusugue wote, ndo chakula chao wanachokwangua kwenye miamba ya maji mafupi, mwanga mwingi hauwasumbui. Frontosa ni kinyume, wale ni wa kina kirefu, kwao chomoa draiva moja ya nyeupe au pandisha taa juu kidogo mpaka uone wametoka kwenye mapango.