Kinyesi Kikavu, Banda Lisilonuka: Ushauri kwa Wafugaji wa Kuku Nairobi

Kabla hujashika ufagio, ingia bandani alfajiri, kuku wakiwa bado ndani, kisha uchuchumae mpaka pua yako iwe kimo cha kuku. Vuta pumzi mara mbili tatu. Macho yakiwasha au koo likikereka, jua kwamba kuku wako wamelala ndani ya hewa hiyo usiku kucha. Sisi huingia bandani tukiwa wima, tunanusa hewa ya juu na kusema ni harufu ya kawaida ya kuku. Lakini kuku hana harufu ya kuwasha macho. Kinachowasha ni amonia, na amonia hutoka kwenye kinyesi kilicholowa.

Kuku hakojoi kando kama mbuzi. Mkojo na kinyesi chake hutoka pamoja, na ule weupe unaouona juu ya kinyesi ndio mkojo wenyewe, yaani asidi ya yuriki. Ukikauka hutulia. Ukipata maji na joto, bakteria huuvunjavunja na kutoa amonia, ambayo huchoma macho na njia ya hewa ya kuku, kisha mafua hupata pa kuingilia. Kuku mmoja mkubwa hutoa takriban gramu 100 hadi 150 za kinyesi kibichi kwa siku, na karibu robo tatu ya uzito huo ni maji. Kuku 20 katika ua wa Umoja au Kasarani wanakuachia kilo 2 hadi 3 kila siku. Ukiacha wiki ipite, ni kilo 14 hadi 21, na sehemu kubwa ya hizo ni maji yanayotafuta pa kukaa.

Ndiyo maana siku hizi nikiitwa kutazama banda chafu, siulizi linafagiwa mara ngapi. Nauliza maji yanatoka wapi.

Mama mmoja wa Kayole aliniita mwezi wa tano, mvua za masika zikiwa bado zinanyesha. Vifaranga wake wa mwezi mmoja walikuwa wamejikunyata, mabawa yamelegea, kinyesi kina damu. "Daktari, mimi huosha banda kila Jumamosi kwa maji na sabuni," aliniambia, na alikuwa anasema kweli. Sakafu yake ya saruji ilikuwa imesuguliwa vizuri. Shida ni kwamba ilikuwa haijapata kukauka tangu Jumamosi ya kwanza. Alikuwa akirudisha maranda juu ya sakafu yenye majimaji, na jua la kukausha halikuwepo.

Ule ugonjwa wa kuhara damu, koksidiosisi, huenezwa na vimelea vinavyotoka na kinyesi vikiwa bado havina nguvu ya kuambukiza. Vikipata joto, hewa na unyevu, siku moja au mbili zinatosha kuvikomaza, na hapo kifaranga anayedonoa sakafu huvimeza. Dawa nyingi za kuua viini haziviwezi. Ukavu ndio unaovimaliza. Kwa hiyo mama yule, kwa bidii yake yote, alikuwa akivipa vimelea kile hasa vilichokuwa vinahitaji. Nilimwambia aache ndoo ya maji na achukue mwiko wa fundi. Kwa sisi wa Nairobi hii ni nafuu pia, maana maji ya mgao yana kazi nyingine nyingi nyumbani.

Huo mwiko ni wa kazi gani? Karibu nusu ya kinyesi cha kuku hudondoka usiku, wakiwa wamelala juu ya fito. Yaani nusu ya uchafu wote unaangukia mahali pamoja, kwenye mstari mmoja, kila siku. Ni bahati kubwa ambayo wafugaji wengi hawaitumii. Weka ubao, plaiwudi au kipande cha bati bapa chini ya fito, umbali wa sentimita 20 hadi 30, na utandaze maranda kidogo juu yake ili kinyesi kisigande. Kila asubuhi, ukishawafungulia kuku, kwangua kwa mwiko na utie kwenye karai. Kwa kuku 20 ni kazi ya dakika tano. Ukifanya hivyo, maranda ya sakafuni yanabaki na nusu tu ya mzigo, na hudumu muda mrefu zaidi.

Fito zenyewe ziwe na upana wa kama sentimita 5, kingo zikiwa zimelainishwa, na kila kuku apate sentimita 20 hivi. Zipange kimo kimoja, la sivyo watapigania ya juu. Viota vya kutagia viwe chini kuliko fito. Kuku hupenda kulala juu kabisa, na kiota kikiwa juu watalala humo, na asubuhi utaokota mayai yenye kinyesi. Ukiwa hapo, chungulia nyufa za fito na sehemu zinapokutana na ukuta. Vijidudu vidogo vyekundu au vya kijivu ni utitiri. Mchana hujificha humo, usiku hutoka kufyonza damu ya kuku.

Sakafuni tandaza maranda ya unene wa sentimita 10. Mafundi wa mbao wa Gikomba na wale wa kando ya Ngong Road wanayo tele, lakini uliza mbao zilikuwa za aina gani. Maranda ya mbao zilizopakwa rangi au zilizotiwa dawa ya mchwa usiyakubali hata ukipewa bure. Vumbi laini la msumeno nalo si zuri, kwa sababu huingia katika mapafu ya kuku na yako, na vifaranga hulila. Pumba za mpunga kutoka Mwea zinafaa pia. Baada ya hapo mpimaji ni mkono wako. Chukua konzi ya matandiko, ifinye, uachie. Ikimwagika yenyewe, pakavu. Ikibaki donge, pana maji mengi, na sehemu hiyo uitoe leo. Yageuze kwa reki kila baada ya siku mbili tatu, au warushie kuku punje chache za mahindi wayachakure wenyewe.

Mara nyingi donge hilo utalikuta kuzunguka chombo cha maji. Kiinue mpaka mdomo wake ufike kimo cha mgongo wa kuku, na ukiweke juu ya wavu wa chuma uliowekwa juu ya karai, ili kinachomwagika kisifike kwenye maranda. Halafu tazama paa, na pembe ambako mvua hurushwa na upepo. Na wasizidi: kuku wanne au watano wakubwa kwa mita moja ya mraba wanatosha. Wakizidi hapo, hakuna ratiba ya usafi itakayokuokoa.

Kuna kosa moja la mwezi wa Julai ambalo hunisikitisha kila mwaka, kwa kuwa hutokana na huruma. Baridi ikija, watu huziba banda lote kwa magunia na karatasi za nailoni. Kuku aliyekomaa ana koti lake la manyoya na baridi ya Nairobi anaimudu. Asichoweza kukimudu ni hewa iliyofungiwa. Pumzi yao hupanda, hugonga bati baridi, hugeuka matone na kurudi kwenye maranda. Ziba upande wa upepo, kimo cha kuku waliolala, lakini pale juu, kati ya ukuta na paa, acha wazi na uweke wavu. Vifaranga ni habari nyingine. Hao wanahitaji joto lao, na bado wanahitaji tundu la hewa.

Jivu pia nataka nilitaje, maana wengi hulimwaga juu ya kinyesi kibichi kuua harufu. Jivu na chokaa huongeza ualikali, yaani kinyume cha uasidi, na kwenye matandiko yaliyolowa ualikali huo huifukuza amonia itoke kwa kasi zaidi. Jivu liweke kwenye beseni la kuku kuogea vumbi. Chokaa ipake sakafuni banda likiwa tupu na limeshafagiwa. Dawa ya klorini nayo usiimwage kamwe juu ya kinyesi: ikikutana na amonia hutoa gesi yenye sumu. Ondoa uchafu kwanza, osha, kausha, ndipo utie dawa, siku ile unapobadilisha kundi zima. Vaa barakoa unapofagia, na watoto wanawe mikono kwa sabuni wakitoka bandani.

Kilichomo karaini usikimwage mtaroni. Mvua ikija kitaziba njia ya maji na kurudi mlangoni kwa jirani, na jirani ndiye anayeamua kama utaendelea kufuga kwa amani. Kaunti ya Nairobi ina sheria ya kilimo cha mjini tangu 2015, lakini kero ya nzi na harufu bado inaweza kukuletea bwana afya. Yai la nzi huweza kuwa nzi kamili kwa siku 7 hadi 10 kukiwa na joto, basi kinyesi kibichi kikikaa uani wiki mbili umeshawafuga na wao.

Changanya ndoo moja ya kinyesi na ndoo mbili au tatu za maranda au majani makavu, rundika, funika mvua isilowanishe, na ugeuze kila wiki. Katikati ya lundo panapaswa kupata joto la nyuzi 55 au zaidi. Ukichomeka panga na kulitoa baada ya muda, ni shida kulishika. Lundo liache miezi mitatu au minne mpaka linuke udongo. Kinyesi kibichi huchoma sukuma wiki na huweza kubeba salmonela, bakteria wa kuharisha, mpaka kwenye sahani, lakini kilichoiva hulisha bustani ya magunia ya managu na terere vizuri sana.

Faida nyingine ya ule ubao wa chini ya fito ni kwamba kila asubuhi unaona wazi kilichotoka usiku. Kinyesi kigumu kiasi chenye kofia nyeupe ni cha afya. Kile cha kahawia, laini na chenye kunata, kinachotokea mara chache kwa siku, kisikutie wasiwasi. Damu, au majimaji ya kijani pamoja na kuku anayesinzia na kukataa chakula, ni ya kushughulikiwa kabla ya saa sita mchana. Mtenge kuku huyo, mpigie daktari wa mifugo, na kuku akifa usimle wala kumtupa. Mfunge kwenye mfuko usiovuja na umpeleke maabara ya mifugo Kabete siku hiyo hiyo.